Kuokoa Vitabu vya Wasioona Vilivyorekodiwa kwenye Santuri: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, ambayo ilianza kuenea miongoni mwa wapenzi wa muziki mwaka 1948, ilikuwa tayari imewatumikia wasioona wa Marekani kwa miaka 14. Thomas Edison alikuwa ameliwaza jambo hilo mapema zaidi: mwaka 1878, mwaka mmoja tu baada ya kuunda fonografu, alipotaja kazi ambazo chombo chake kingeweza kufanya, aliweka miongoni mwake vitabu vitakavyosema na wasioona bila wao kutaabika. Kilichokwamisha ni muda. Santuri ya kawaida ya inchi 12, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba dakika nne hivi kila upande, kwa hiyo kitabu cha kusomwa kwa saa 10 kingehitaji santuri 75, mzigo ambao hakuna maktaba ingeweza kumtumia msomaji wake kwa posta. Shirika la American Foundation for the Blind la New York, pamoja na mhandisi wake Jackson Kleber, lilipunguza kasi hadi mizunguko 33⅓ na kubana mifuo, yaani mistari ambamo sindano hupita, hadi 150 katika kila inchi, upande mmoja ukabeba dakika 15, na kitabu kilekile kikaingia katika santuri 20. Uingereza, ambako kazi hiyo ilisukumwa na Ian Fraser, mwanajeshi aliyepofuka vitani mwaka 1916, vitabu vya kwanza vilitoka mwaka 1935 vikizunguka mara 24 tu kwa dakika, dakika 25 kila upande, yaani santuri 12 kwa kitabu cha saa 10.

Tofauti hizi za kasi, ambazo wakati ule zilikuwa ushindi, ndizo zinazomkwamisha leo mtu aliyerithi sanduku la santuri za namna hiyo. Kinanda cha kisasa cha santuri hakina mizunguko 24, na kwa kawaida hakina 16⅔ wala 8⅓, kasi ambazo maktaba za wasioona za Marekani zilizitumia baadaye. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzihamisha santuri hizo ziwe faili za sauti bila kuziharibu, na kwa namna ambayo mtu asiyeona ataweza kuzitumia peke yake. Katika kila hatua ninafuata kanuni moja: mwenye neno la mwisho ni msikilizaji asiyeona, si fundi wala mkusanyaji wa vitu vya kale.

Hatua ya 1: Itambue santuri kabla ya kuigusa

Anza na tundu la katikati. Ukiona ukingo wa alumini unaong'aa, au kioo, chini ya tabaka jeusi linalometameta, na lebo imeandikwa kwa mkono au kwa taipu, basi uliyo nayo ni santuri ya laka iliyochongwa moja kwa moja na mashine ya kurekodia, kama zile za kampuni ya Presto ya New York zilizoenea katika studio na vituo vya redio tangu katikati ya miaka ya 1930. Vioo vilitumika hasa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alumini ilipohitajika kwa kazi za kijeshi. Santuri ya namna hii mara nyingi ni moja tu duniani, kwa sababu haikukandamizwa kiwandani kutoka kwenye kalibu, na ndiyo inayokufa haraka kuliko nyingine zote. Laka ililainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Mafuta hayo yanapotoka kidogo kidogo kwa miaka, tabaka la juu linasinyaa ilhali alumini iliyo chini haisinyai, na matokeo yake ni nyufa na vigamba vinavyobanduka pamoja na sauti iliyomo. Unga mweupe unaoonekana juu yake hufanana na ukungu, lakini mara nyingi ni asidi ya mafuta hayo iliyojitokeza. Ukikuta santuri za laka katika sanduku lako, zishughulikie kwanza hata kama kitabu chake hakikuvutii.

Santuri ya shelaki ni nzito, haipindiki, na ikianguka huvunjika kama kigae. Ya vinaili, ambayo ni aina ya plastiki, hupinda kidogo na ni nyepesi zaidi. Kisha kuna visanturi vyembamba vya inchi 6 vya mashine ya SoundScriber, mashine ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya mabosi wa ofisini kutamkia barua zao ili zichapwe baadaye, na ambayo Anne T. Macdonald na wenzake wa kujitolea katika Maktaba ya Umma ya New York waliichukua mwaka 1948 kuwasomea vitabu vya masomo askari waliopofuka vitani na kutaka kurudi chuoni. Upande mmoja wa kisanturi hicho ulibeba dakika 12 hivi. Mifuo yake haikuchongwa bali ilibonyezwa: sindano ilisukuma plastiki pembeni bila kutoa unyuzi wowote, na ndiyo maana ina kina kidogo na sindano nzito huifuta.

Aina moja iweke kando kabisa, nayo ni ile ya mashine ya Audograph. Hurekodiwa kuanzia katikati kwenda nje, na mashine yake ilibadilisha mizunguko kadiri sindano ilivyosonga ili kasi chini ya sindano isibadilike, kwa hiyo ukiicheza kwenye kinanda cha kawaida sauti ya msomaji itapanda taratibu hadi iwe kama ya mtoto. Hiyo inahitaji mtu mwenye mashine yenyewe au programu maalumu.

Hatua ya 2: Andika kila kitu

Kabla ya kusafisha, piga picha lebo ya kila upande, ipe kila santuri namba, na andika katika daftari au jedwali la kompyuta jina la kitabu, namba ya upande, kipenyo, aina, na kasoro unazoziona. Ukikuta nukta za breli kwenye lebo, usibandike kitu juu yake wala usiisugue. Zilikuwa ndiyo njia ya mwenyewe kujua ameshika upande upi, na bado ni sehemu ya kumbukumbu. Kama hujui breli, mpe anayejua aisome kwa vidole na wewe uandike. Nimeona lebo ambayo maandishi ya wino yamefutika kabisa na nukta zake zingali zinasomeka.

Hatua ya 3: Hakikisha una haki ya kunakili

Hapa pana njia nzuri kwa watu wa kwetu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga nao, unaruhusu maktaba, shule na mashirika yanayowahudumia wasioona kutengeneza nakala za vitabu katika muundo wanaoweza kuutumia, na kubadilishana nakala hizo kuvuka mipaka, bila kumwomba ruhusa kila mwenye haki ya kitabu. Kwa sababu hiyo ni busara kuifanya kazi hii chini ya maktaba au shule na si kama mtu binafsi, kufuata sheria ya nchi yako, na kutoweka faili hadharani kwenye intaneti kwa kila mtu.

Hatua ya 4: Safisha kwa tahadhari

Santuri ya kwanza niliyoiharibu ilikuwa ya shelaki. Niliipangusa kwa pamba yenye spiriti, kama tunavyosafisha kichwa cha redio ya kaseti, na kabla sijafika mwisho wa mzunguko pamba ilikuwa imegeuka kahawia na uso wa santuri umefifia. Spiriti huyeyusha shelaki. Niliyoifuta pale haikuwa vumbi, ilikuwa dakika kadhaa za sauti ya mtu, na hazikurudi. Kwa hiyo: spiriti na asetoni zisikaribie shelaki wala laka, hata tone.

Kwa shelaki na vinaili tumia maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri lakini ambayo hayajatiwa asidi, na tone moja au mawili ya sabuni ya maji isiyo na rangi wala manukato. Lowesha brashi ya nywele laini, fuata mwelekeo wa mifuo na usikatize, kinga lebo isilowe, kisha suuza kwa maji yaleyale bila sabuni na ukaushe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Santuri yenye tumbo la karatasi isiguswe na maji. Laka iliyopasuka isisafishwe kabisa. Puliza vumbi kwa kipulizio cha mkono, uende moja kwa moja kwenye kurekodi, kwa kuwa huenda hutapata nafasi ya pili.

Hatua ya 5: Chagua sindano na uzito

Mifuo ya santuri za mizunguko 78 ni mipana na husomwa kwa sindano yenye ncha ya maikroni 76 hivi; ile ya santuri za muziki za baada ya 1948 ni myembamba na hutumia maikroni 25 au pungufu. Vitabu vya miaka ya 1930 viko katikati, na hapa hakuna jibu moja. Tafuta sindano mbili au tatu za ukubwa tofauti, cheza nusu dakika ya mahali palepale kwa kila moja, kisha linganisha. Sindano nyembamba mno hukwaruza chini ya mfuo ambako kuna uchafu, nayo nene mno huelea juu na kuyapoteza maneno. Usisikilize ukimya kati ya sentensi; sikiliza herufi s, f na sh, maana hizo ndizo zinazotangulia kupotea na ndizo msikilizaji anazozihitaji ili asichanganye neno na neno.

Uzito wa sindano uwe gramu 3 hadi 5 kwa shelaki na 1.5 hadi 2.5 kwa vinaili. Kwa laka na visanturi vilivyobonyezwa anza na uzito mdogo kabisa ambao sindano hairuki, na usizicheze kwa majaribio. Kila mchezo unakula kitu.

Hatua ya 6: Tatua suala la kasi

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huikosea, na ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Si lazima upate kinanda chenye kasi ya zamani. Icheze santuri kwa mizunguko 33⅓ na urekodi, kisha uipunguze kasi ndani ya kompyuta. Santuri ya mizunguko 24 unaipunguza hadi asilimia 72 ya kasi uliyorekodia, ya 16⅔ hadi asilimia 50, na ya 8⅓ hadi asilimia 25. Faida yake nyingine ni muda: upande wa santuri ya Uingereza wa dakika 25 unaurekodi kwa dakika 18.

Njia safi ya kupunguza ni kubadilisha kiwango cha sampuli (vipimo vya sauti ambavyo kompyuta huchukua kila sekunde) ambacho faili linajitangaza nacho, bila kuigusa sauti yenyewe. Ukiwa umerekodi kwa sampuli 96,000 kwa sekunde, iambie programu kwamba faili hilo ni la 69,120 kwa mizunguko 24, la 48,000 kwa mizunguko 16⅔, au la 24,000 kwa mizunguko 8⅓, halafu ndipo uligeuze liwe la kiwango cha kawaida cha 48,000. Programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, inafanya hivyo, na kwa kuwa inaendeshwa vizuri kwa kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, fundi wa kazi hii anaweza kuwa mtu asiyeona mwenyewe. Ninaomba watakaoanzisha kazi hii shuleni wasiwafanye wasioona kuwa wapokeaji tu.

Sharti moja: unaporekodi kwa kasi isiyo ya asili, kikuza sauti chako kisiwe kimewashwa marekebisho ya besi ambayo hufanyiwa santuri. Marekebisho hayo yamepangwa kwa masafa maalumu (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi), na ukishaipunguza kasi masafa yote yanahama. Rekodi sauti mbichi, punguza kasi, halafu ndipo urekebishe. Kipimo cha marekebisho hayo kinachotumika kote leo kilikubaliwa mwaka 1954. Kwa santuri za kabla ya hapo kila studio ilikuwa na utaratibu wake, hivyo rekebisha kwa sikio hadi sauti ya msomaji iwe ya mtu aliyeketi mezani na si ya mtu aliyefunikwa shuka.

Baada ya hapo pima kama kasi ni sahihi kweli. Kuna jirani yangu, mwalimu mstaafu asiyeona, ambaye ninampelekea kila kitabu ninachokihamisha. Siku moja nilimwekea upande wa kwanza wa kitabu kilichorekodiwa Marekani kwa mizunguko 33⅓, nami nilikuwa na uhakika nao, maana kinanda changu kina kasi hiyo na hakukuwa na la kukokotoa. Alisikiliza kwa muda mfupi, akaniambia: "Mwanangu, huyu ni mtu mzima, lakini wewe umemfanya kijana." Nilirudi kupima. Studio za Marekani zilitumia umeme wa hezi 60, na mvumo wake hafifu mara nyingi umeingia kwenye rekodi chini ya sauti ya msomaji. Nilitengeneza nakala ya majaribio yenye sampuli 8,000 tu kwa sekunde ili kipimo kiwe chembamba, nikafungua mchoro wa masafa nikiwa nimechagua dirisha kubwa kuliko yote, na mvumo ulikuwa kwenye 61.2 badala ya 60. Kinanda kilikuwa kinakimbia kwa asilimia 2. Sisi tunaotumia umeme wa hezi 50 tuna bahati katika jambo hili, kwa sababu mvumo wa nyumbani kwetu unakaa kwenye 50 na hauchanganyiki na ule wa studio. Tangu siku hiyo ninapima kila kitabu, tena upande wa kwanza na wa mwisho, na mwalimu bado anasikiliza kabla yangu.

Hatua ya 7: Rekodi

Tumia faili la WAV lenye sampuli 96,000 na biti 24. Biti 24 na sampuli zisizopungua 48,000 ndivyo Chama cha Kimataifa cha Hifadhi za Sauti, IASA, kinavyotaka kwa kazi ya kuhifadhi. Panga kiwango ili kilele cha sauti kiishie desibeli 6 chini ya kikomo. Rekodi upande mzima bila kukatiza, kuanzia sindano inapogusa hadi mfuo wa mwisho, na njia zote mbili za sauti, kushoto na kulia, hata kama santuri hizi zina sauti moja tu: utakapozijumlisha kelele nyingi za sindano kupanda na kushuka zitafutana, na pale ambapo ukuta mmoja wa mfuo umeharibika utaweza kuuchukua ule mwingine peke yake. Upande wa dakika 15 utachukua megabaiti 518 hivi, na kitabu cha pande 40 karibu gigabaiti 21. Weka nakala kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, na faili hizi za kwanza usizihariri kamwe; hariri nakala.

Hatua ya 8: Punguza kelele bila kumpunguza msomaji

Ondoa milipuko mikubwa ya mikwaruzo mmoja mmoja. Mngurumo wa chini ya hezi 60 unaweza kuukata. Ila mchakato wa kufuta mchirizo wote wa nyuma, ile kelele ya "shh" isiyokoma, uutumie kidogo sana au uuache, kwa sababu huacha sauti ya majimaji kuzunguka maneno, na wasikilizaji wengi wasioona husikiliza kwa kasi mara mbili, ambako majimaji hayo huwa kero kubwa kuliko mchirizo ulioufuta. Kwa hiyo kila unapohariri, cheza kwa kasi mara mbili na usikilize kama maneno yanasimama.

Usifute kikohozi wala karatasi inayogeuzwa. Kabla utepe wa sumaku haujaingia studio, msomaji aliyeteleza katika dakika ya 14 alilazimika kuanza upande upya, kwa kuwa kilichochongwa hakikuweza kuunganishwa, na kwa hiyo kikohozi kilichobaki mahali fulani ni kikohozi alichoamua kukiacha na kuendelea. Alexander Scourby, mwigizaji aliyeanza kuwasomea wasioona mwaka 1937 na kuendelea hadi miaka ya 1980, aliacha zaidi ya vitabu 400, na aliihesabu kazi hiyo kuwa kubwa kuliko zote alizofanya. Sauti za watu kama yeye ndizo tunazozihamisha, pamoja na maandishi ya kitabu.

Hatua ya 9: Unganisha na upe majina

Pande zikishakuwa tayari, zipange kwa sura na si kwa santuri, kwa sababu mpaka wa upande uliwekwa na ukubwa wa santuri na hauna maana kwa msikilizaji wa leo. Msomaji anaposema kwamba upande umekwisha, sentensi hiyo iondolewe katika nakala ya kusikilizwa na ibaki katika nakala ya kuhifadhiwa. Tangazo la mwanzo lenye jina la kitabu, la mwandishi na la msomaji liache.

Ukiweza, tengeneza kitabu cha muundo wa DAISY, ambao humruhusu msikilizaji kuruka kutoka sura hadi sura na kurudi alipoishia. Usipoweza, folda ya faili za MP3 za sauti moja, kilobiti 64, inatosha. Saa 10 zitakuwa megabaiti 288, kiasi kinachoingia kwenye simu ya bei ndogo na kutumwa bila kumaliza bando. Majina ya faili yasomwe na kisoma skrini kama maneno: "01 Sura ya kwanza" na si mfululizo wa herufi na mistari. Weka sifuri mbele ya namba ndogo, vinginevyo simu nyingine zitacheza sura ya 10 kabla ya ya 2, na msikilizaji hataona kilichotokea, atadhani hadithi ndivyo ilivyo.

Hatua ya 10: Mpelekee asiyeona kabla hujasema umemaliza

Mpe simu au kifaa chake mwenyewe, si chako. Nyamaza. Mwache atafute kitabu, akifungue, aende sura ya tatu, asimamishe, afunge, arudi kesho yake na aendelee alipoishia. Andika kila mahali aliposita. Kisha rudi kwenye hatua ya 9, au ya 6 kama ni sauti, na santuri zenyewe zirudishe katika bahasha za karatasi isiyo na asidi, zikisimama wima kama vitabu rafuni, mbali na jua na joto, kwa sababu huenda ukazihitaji tena.